Kushushwa si Kufukuzwa

Tarehe 20 Mei 2021 meli za kwanza zilifunga gatini hapa Kililana, katika bandari mpya ya Lamu, na siku nne kabla ya hapo, mjini Kigali, ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, iitwayo BAL, ilikuwa imefunguliwa kwa timu 12. Habari ya meli ilienea pwani nzima; ile ya pili ilipita kimya, ingawa ilistahili kusikizwa na kila mzazi mwenye kijana mrefu nyumbani.

Huko Marekani ligi kuu, NBA, ilianzisha mwaka 2001 ligi ndogo ya timu nane, na baadaye timu kubwa zikaruhusiwa kuwapeleka huko wachezaji wao ambao hawajakomaa, ili kijana, badala ya kukaa benchi msimu mzima akiwatazama mabingwa, apate kucheza, akosee, arudiwe, akosee tena, hata mkono na jicho vizoeane. Tangu 2017 ligi hiyo huitwa G League. Mtu wa Lamu haoni ajabu katika hayo, kwani kule Matondoni hakuna fundi aliyekabidhiwa mkuku wa jahazi siku ya kwanza. Alianza kwa kushikilia mbao na kutia kalafati, wala hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Walakini katika mpira watu hucheka. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha futi 7 na inchi 3, aliyeujua mchezo huu akiwa tayari kijana balehe, alichaguliwa mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, akawa wa pili miongoni mwa vijana wote wa mwaka huo na Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, katika ligi ndogo, na madhali hapakuwa na mtu aliyechaguliwa juu kiasi hicho akapata kushushwa huko, jambo lile likahesabiwa kuwa ni fedheha. Hakukaa sana, akarudishwa, kisha akahamishwa timu hii na ile.

Mtazame sasa Pascal Siakam wa Cameroon, aliyechaguliwa wa 27 mwaka 2016 na Toronto Raptors. Naye alipelekwa ligi ndogo, timu ya Raptors 905, akatwaa ubingwa wake mwaka 2017 na kutajwa mchezaji bora wa fainali; miaka miwili baadaye akawa bingwa wa NBA yenyewe. Ligi ni ile ile. Vipaji havikuwa sawa, hilo sikatai, lakini naona pia kwamba aliyechaguliwa wa 27 huachwa asome kwa raha zake, ilhali aliyechaguliwa wa pili hudaiwa deni lote siku ya kwanza, na mwenye kudaiwa hivyo hawezi kusoma.

Thabeet alilazimika kuvuka bahari kabla ya kuiona ngazi ya chini, na hapo ndipo ilipo faida ya BAL. Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyelelewa Uganda, alikuwa na umri wa miaka 15 alipoichezea Cobra Sport ya Juba katika BAL mwaka 2022, akitokea chuo cha NBA kilichoko Saly, Senegal. Kisha akaichezea AS Douanes ya Dakar, kisha City Oilers ya Kampala, akapita mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10. (Jiwe la msingi la bandari yetu liliwekwa Machi 2012 mbele ya Rais Salva Kiir, kwa ahadi ya njia ya kuiunga Kililana na Sudan Kusini; njia haijatimia, kijana amekwisha kufika.)

Kenya nayo iliingia BAL mwaka 2025, kwa miguu ya Nairobi City Thunder. Nairobi ni mbali na hapa. Lakini Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambayo ndiyo iendeshayo gati za Kililana, ina timu zake mashuhuri za mpira wa kikapu huko Mombasa, za wanaume na za wanawake. Basi tunaiomba kwa taadhima, pamoja na meli inazotuletea, ituletee na kocha wa watoto.