Polisi na Mahakama Chini ya Paa Moja

Kituo Kikuu cha Polisi cha Kampala na Mahakama ya Hakimu Mkuu ziko kando ya barabara moja, Barabara ya Buganda, wala si mbali kwa miguu. Autazamaye ujirani huo huenda akauliza kwa nini visijengwe katika jumba moja. Swali hilo latuhusu sisi wenye sare kuliko wengi.

Faida yake i wazi. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 yaagiza kwamba mtuhumiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisizidi saa 48. Kila safari ya gari la mahabusu katika msongamano wa jiji hula saa hizo, na hufungua nafasi ya kutoroka au kushambuliwa. Ngazi moja kutoka mahabusu hadi kizimbani ingeondoa hatari hiyo.

Hata hivyo, tarehe 16 Novemba 2021 bomu lililipuliwa penye kizuizi cha polisi karibu na Kituo Kikuu, na dakika chache baadaye jingine karibu na Bunge. Kituo cha polisi hulengwa na adui. Basi haifai mjane aliyefuata kesi ya kiwanja chake apite lango lile lile lilindwalo kwa bunduki. Raia waingie mahakamani kwa upande mmoja, wenye kuripoti kwa upande mwingine. Hakimu awe na njia yake, na mahabusu njia yao, wasikutane na mashahidi. Wanawake wawe na chumba chao, na watoto chao, kama Ibara ya 34 ilivyowatenga watoto na watu wazima. Na msanifu asisahau choo cha mahabusu: akikisahau, askari wa zamu ndiye atakayemvusha mshtakiwa katikati ya umati kila mara.

Lililo zito zaidi halimo katika matofali. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa ameamuru kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na wanajeshi, alikamatwa na watu wenye silaha ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala. Hakurudi. Tarehe 16 Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama hiyo hiyo wakati washtakiwa walipopewa dhamana. Jambo hilo lilirudiwa tarehe 1 Machi 2007, na majaji wakasimamisha kazi. Silaha zilifika pale ingawa mahakama haikuwa na ukuta mmoja na kituo. Je, ingekuwaje kama zingekuwa na mlango baina yao?

Kwa hiyo, jumba hilo likijengwa, twaona ghala la silaha liwe mbali kabisa na ukumbi wa mahakama, na mlango kati ya mahabusu na ukumbi ufungwe kwa upande wa mahakama. Ufunguo wake ukae kwa karani. Ofisa wa zamu, cheo chake kiwe chochote, agonge na kungoja.