MIKOKO YA KILWA NA MSIKITI WA WAZEE WETU

Picha tunayowaletea mwezi huu ni ya Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, nayo ilipigwa wakati maji yamekupwa. Mikoko imesimama topeni juu ya mizizi yake, na nyuma yake waonekana ukuta wa mawe ulioliwa na chumvi. Mwenye kuitazama kwa haraka ataona miti na tope tu. Lakini mahali hapa pana habari kubwa.

Zamani Kilwa ilikuwa dola yenye nguvu. Dhahabu ya Sofala ilipitia bandari yake, na majahazi yalileta nguo na vyombo vya Uchina. Msikiti Mkuu ulianzishwa katika karne ya 11, na katika karne ya 14 ukapanuliwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapambwa kwa kuba.

Mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta wa Morocco. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Asimulia kwamba siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizozivaa. Sultani hakukasirika, aliingia chumbani mwa khatibu, akazivua, akampa. Alipofariki, nduguye Daud alirithi ufalme, lakini hakurithi ukarimu ule.

Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora. Utukufu wake ukapungua, majumba yakabaki magofu.

Adui wa magofu hayo leo ni mawimbi. Upande wa Gereza, ngome ya kale, unaoelekea baharini umekwisha kuliwa. Mizizi ya mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope, na humo samaki wadogo na kamba hupata malezi. Wazee wetu walikata boriti zake kujengea; lakini ikikatwa pasipo kiasi, pwani hubaki uchi.

Magofu haya yaliandikwa mwaka 1981 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyatengeneza na kuyahifadhi, yakaondolewa humo. Basi juhudi ya binadamu huzaa matunda.

Enyi vijana, Qur'ani yatuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Naye Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba Muislamu apandaye mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sultani alitoa nguo za mwilini mwake. Sisi hatuombwi hayo; twaombwa tupande mkoko mmoja, na tuuzuie mkono wetu usikate ule uliokwisha kusimama kuilinda pwani yetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.