Jinsi nyaraka za serikali zinavyoweza kufichua asili ya familia Galu

KWA vizazi vingi, mkazi wa Galu, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, hakuhitaji karatasi ili kueleza asili yake. Alitaja jina la baba na la babu, ukoo wa mama yake, na mahali walipozikwa wazee wake. Siku hizi maneno hayo pekee hayatoshi. Anayedai urithi, kitambulisho au shamba huulizwa nyaraka, na nyingi kati ya hizo zimo katika ofisi za serikali.

Utafiti wa nasaba huanza kwa walio hai na kurudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine. Wazee huulizwa kwanza majina yote aliyoitwa marehemu, kijiji alikozaliwa, wake zake, watoto na majirani wa shamba lake. Bila maelezo hayo, hata karani mwenye moyo wa kusaidia hawezi kujua afungue faili gani.

Nyaraka za karibu zaidi ni vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka 1928, lakini usajili huo ulikuja kuwa wa lazima kwa watu wote nchini kufikia mwaka 1971. Kwa hivyo, si ajabu kwamba babu au nyanya aliyezaliwa Galu enzi za ukoloni hana cheti. Anayezaliwa au kufariki nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, na ndiyo sababu ofisi yake haifai kupuuzwa.

Kwa wanaume, kuna pia kipande. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba hati iliyoonyesha jina lake, alama za vidole, eneo alikotoka na waajiri wake. Familia iliyotunza hati hiyo ina hazina kubwa.

Ardhi ndiyo sehemu yenye uzito na uchungu zaidi. Mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki iliyowataka wenye mashamba katika ukanda wa Pwani wa maili 10, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, wawasilishe madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuwasilisha madai, na huo ni mmoja wa mizizi ya tatizo la maskwota Pwani. Hivyo basi, jina la babu likikosekana katika sajili za wakati huo, si ushahidi kwamba hakuishi hapo.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa kutambua wenye ardhi na mipaka yao. Sajili ilipokamilika, wananchi walipewa siku 60 kuikagua na kuwasilisha pingamizi. Vipande vingi vya eneo hili husajiliwa kwa jina 'Kwale/Galu Kinondo' likifuatwa na nambari. Mwenye nambari hiyo anaweza kuomba upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi Kwale na kujua aliyeandikwa kwanza, aliyeuziwa na aliyerithi.

Majina yanahitaji uangalifu. Mtu mmoja aweza kuandikwa Hamisi hapa na Khamis kwingine, au jina la babu likaachwa. Isitoshe, Wadigo kwa desturi walifuata ukoo na urithi wa upande wa mama, ilhali makarani waliwaandika zaidi wanaume. Anayefuata majina ya baba pekee huenda akapoteza nusu ya jamaa zake. Mafaili ya urithi katika Mahakama ya Kadhi husaidia kuziba pengo hilo, kwa kuwa hutaja warithi wa kike na wa kiume.

Kwa historia ya mbali zaidi, yapo Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, yaliyoanzishwa kisheria mwaka 1965. Humo mna ripoti za wakuu wa wilaya za Pwani, Kwale ikiwemo. Kwa kawaida, nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Aidha, Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Juhudi hizi zina faida. Chini ya sheria ya awali ya ardhi iliyosajiliwa, mahakama haikuweza kurekebisha usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Sheria ya mwaka 2012 inaruhusu hatimiliki ipingwe iwapo ilipatikana kwa njia haramu au ya ufisadi. Lakini mahakama huamua kwa ushahidi, na faili hujibu tu maswali ya anayejua majina. Majina hayo bado wanayo wazee wa Galu, na ni vyema yaandikwe wangali hai.