Maji Yakishaingia Kwenye Pipa, Nani Atayatoa?

Toleo hili naomba niwaeleze mashine moja ambayo wabeba maboksi wengi tumeishika bila kuijua: ile vakyumu ya pipa, inayonyonya vumbi na maji vilevile. Hasa zile zenye pampu ndani, zinazonyonya maji na kuyatoa nje zenyewe. Nina sababu yangu.

Mwaka wangu wa pili hapa Columbus tulipanga wanne kwenye besimenti. Kwa mgeni, besimenti ni chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Kodi yake nafuu, na maji nayo yanapapenda. Januari bomba likaganda, likapasuka saa nane za usiku. Jirani akatuazima vakyumu ya pipa la galoni 16. Kunyonya, raha tupu! Dakika chache pipa limejaa. Sasa piga hesabu: galoni 16 ni lita 60, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mfuko wa saruji una kilo 50. Hapo tuupandishe ngazi 13, tumwage, turudi. Safari ya nne mgongo ukalia. Nikalala chali wiki mbili, na mtihani wa takwimu ukanipita hivihivi.

Msidhani ni mkosi wangu peke yangu. Louisville, tarehe 4 Agosti 2009, mvua ya saa chache ilijaza maji chini ya maktaba kuu ya mji na kwenye majengo ya chuo kikuu. Buffalo wao wana theluji ya Ziwa Erie, ambayo ikiyeyuka haraka hutafuta njia ya kushuka, na njia yenyewe ni ukutani kwako.

Turudi kwenye mashine. Vakyumu haivuti maji kwa nguvu za ajabu. Juu ya pipa kuna mota na feni. Feni inatoa hewa ndani ya pipa, presha ya ndani inapungua, basi hewa ya nje inasukuma maji yaingie kupitia mpira. Yakikaribia juu, boya linapanda na kuziba njia ya hewa, mota isije ikanywa maji. Ndiyo maana pipa likijaa mlio unabadilika, inapiga kelele kali lakini haivuti kitu.

Utasema, si wafunge tu pampu, kazi iishe? Mimi pia nilisema hivyo. Kumbe hapo ndipo penye ugumu, na ndipo wavumbuzi walipoumiza kichwa. Pampu inatakiwa itoe maji ndani ya pipa ambalo presha yake iko chini kuliko nje. Fungua tundu upande, maji hayatoki. Hewa ndiyo itaingia. Chukua mashine inayoweza kunyanyua maji mita moja na nusu: mvuto ukifika kiwango hicho, pampu lazima kwanza ishinde hiyo mita moja na nusu, halafu ndiyo ianze kuyapandisha mita tatu za ngazi. Feni na pampu wanavutana kamba ndani ya pipa moja.

La pili: pampu ya mapanga ikiwa na hewa tumboni haivuti maji, inazunguka bure. Dawa mojawapo ni kuizamisha chini kabisa ya pipa, na mota yake pembeni. Inafanya kazi, ila mchanga na nywele vyote vinaishia hukohuko chini, na umepeleka umeme karibu na maji. Dawa nyingine ilitoka kwa Shop-Vac, kampuni ya Williamsport, Pennsylvania, iliyopata hataza (yaani haki ya mvumbuzi) kadhaa za mashine za namna hii miaka ya 1990. Wao waliweka pampu juu, kwenye ekseli ileile ya feni, mota moja inazungusha vyote viwili. Na maji yapandeje hadi kwenye pampu? Kwa kutumia mvuto wa feni yenyewe! Yakishaipata pampu, yanasukumwa nje kupitia mpira wa kawaida wa kumwagilia bustani. Mimi hapo niliwavulia kofia. Adui amegeuzwa kuwa kibarua.

Lakini mota ikiwa moja, huwezi kuizima kwa sababu tu pipa limejaa, maana pampu nayo itazimika. Kwa hiyo boya lizuie maji yasiingie mengine huku pampu ikiendelea. Shop-Vac yenyewe ilifunga ghafla Septemba 2020, ikanunuliwa na kampuni ya China.

Kidogo nitoke nje ya mada. Vakyumu ya umeme ya kubebeka, ya vumbi, hataza yake ya mwaka 1908 ni ya James Murray Spangler, mfagizi wa duka mjini Canton, hapahapa Ohio. Vumbi lilimsumbua kifua, akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Haki akawauzia kina Hoover, na jina lao ndilo lililobaki. Mfagizi, jamani!

Ukinunua, toa chujio la karatasi kabla ya kunyonya maji. Chomeka kwenye soketi ile yenye kitufe cha kujizima, na usisimame majini ukiishika. Kama huna hela ya yenye pampu, ile yenye tundu la kumwagia chini inatosha, ukiwa na shimo la maji sakafuni. Sisi hatukuwa nalo.

Mjomba wangu wa Dar alipopata habari akaniambia, "Mwanangu, nitumie moja kwenye kontena, mvua za masika zinatumaliza." Nikamjibu, "Mjomba, shikamoo, hii ni ya volti 120, ukiichomeka huko kwenye 230 utasikia harufu yake kabla ya mlio." Na tope la masika si maji ya bomba. Nikamshauri atafute pampu ya petroli ya maji machafu. Mpaka leo ananiambia mimi ni bahili.