Maji Yalayo Sabuni: Jinsi ya Kuyapima Nyumbani

Karani mmoja alihamishwa kutoka Nyeri akapelekwa Kilifi. Huko milimani alikotoka, mche mmoja wa sabuni ulikuwa ukiitosha nyumba yake majuma matatu, nguo za watoto wanne na mashati meupe ya kazini yakiwamo. Alipofika pwani akapanga nyumba yenye kisima uani, na mche wa namna ile ile ukawa haupiti siku kumi. Mwezi wa kwanza alinyamaza. Mwezi wa pili alianza kumwuliza mkewe, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, kama sabuni inagawiwa majirani. Mkewe hakuwa na la kujibu, maana yeye mwenyewe hakujua iendako. Tena mashati, licha ya sabuni yote ile, yaliingia rangi ya majivu, na kola zikakakamaa.

Aliyekata shauri lile ni bibi kizee wa nyumba ya pili. Alimkuta mama yule akifua huku akitokwa na machozi, akamwambia, "Usilie, mwanangu. Maji ya kisima hiki hula sabuni. Sisi nguo nyeupe twafulia maji ya mvua."

Bibi yule alisema kweli tupu, wala si maneno ya kupoza moyo. Mvua ianguapo huwa karibu haina madini. Ipitapo hewani, na zaidi ipenyapo udongoni, huchukua kaboni dioksidi ikawa na ukali kidogo, mfano wa siki iliyozimuliwa sana. Maji hayo yakutanapo na mwamba wa chokaa huuyeyusha polepole na kuchukua madini yaitwayo kalsiamu, na pengine magnesiamu pamoja nayo. Sehemu kubwa ya ukingo wa pwani ya Kenya ni matumbawe ya kale, nayo matumbawe ni chokaa. Asiyesadiki na atone siki kali juu ya jiwe la matumbawe. Ataliona likitoa povu. Lakini mito ishukayo kutoka Mlima Kenya na Nyandarua hupita juu ya mawe ya volkeno, ambayo hayatoi chokaa kwa wepesi. Ndiyo sababu maji ya Nyeri huitwa laini, na ya kisima kile cha Kilifi huitwa magumu.

Sabuni iingiapo katika maji magumu, kazi yake ya kwanza si kuondoa taka. Huungana na kalsiamu ikawa utando mweupe usioyeyuka, ule uonekanao kandokando ya karai na kushikamana na nguo. Mpaka kalsiamu yote iishe kushikwa, hapatoki povu la kudumu, na sabuni yote iliyotumika hata hapo imepotea bure. Kwa hiyo mama yule hakuwa mbadhirifu hata kidogo. Kisima ndicho kilichokuwa mshirika wake asiyelipa.

Jambo hili ndilo lililomwonyesha Profesa Thomas Clark wa Aberdeen, Uskochi, katika miaka ya 1840, njia ya kupima ugumu wa maji kwa sabuni yenyewe. Siku hizi maabara zina njia nyingine, na madukani huuzwa vipande vya karatasi vya kuchovya majini vibadilikavyo rangi. Lakini njia ya Clark ingali yafaa kwa nyumba yoyote, na gharama yake ni ndogo mno.

Zitafutwe chupa mbili nyeupe zilizo sawa, zenye vifuniko, zioshwe na kusuuzwa mpaka pasiwe na sabuni ndani. Maji ya mvua yakingwe kutoka bati safi baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa. Haya ndiyo kipimo cha kulinganishia. Kisha kipande kidogo cha sabuni ya mche kiparuzwe kwa kisu na kuyeyushwa katika kikombe cha maji ya mvua yaliyopashwa moto. Sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo hazifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa zipate kutoa povu hata katika maji magumu, zitamdanganya mpimaji.

Chupa ya kwanza itiwe maji ya mvua hata nusu, na ya pili itiwe maji ya kisima kiasi kile kile. Maji ya sabuni yatonezwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja moja, na kila mara chupa ifunikwe na kutikiswa kwa nguvu. Povu likitoweka, liongezwe tone. Likisimama dakika tano bila kuvunjika, hesabu iandikwe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka: huona povu la mara moja wakadhani kazi imekwisha, kumbe baada ya dakika moja tu limezama.

Karani wetu alifanya hivyo mezani pake usiku mmoja, mkewe akihesabu. Maji ya mvua yalitaka matone 4. Ya kisima yalitaka 31. Hakusema neno kwa kitambo, kisha akasema, "Mama watoto, nimekukosea." Mkewe akamjibu, "Andika hesabu, baba, tusije tukasahau," wakaendelea.

Kipimo cha pili huonyesha ugumu ni wa namna gani. Maji yale ya kisima huchemshwa robo saa katika sufuria yenye kifuniko, yakaachwa yapoe na kutulia, kisha yale maangavu ya juu yakapimwa tena. Matone yakipungua sana, ugumu mwingi ni ule uondokao kwa moto. Chokaa yake hubaki chini ya sufuria, ndiyo ukoko mweupe wa ndani ya birika, uondokao kwa siki au maji ya ndimu. Matone yanayosalia kupita yale ya mvua ni ya ugumu usioondoka kwa kuchemsha. Maji ya karani yalishuka kutoka 31 hadi 12. Ugumu uliobaki huweza kuondolewa kwa magadi yaliyoyeyushwa, maji yakaachwa yatulie kabla ya kufulia. Maji hayo yawe ya kufulia tu, si ya kunywa, kwa maana magadi ya mawe ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi ndani yake.

Hapa yafaa kosa moja kubwa lisahihishwe. Ugumu wa maji si uchafu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya, na mtu aliyezoea maji ya chokaa huyanywa maisha yake yote bila dhara. Kinyume chake, maji yatoayo povu zuri yaweza kuwa mabaya. Mto laini waweza kuchukua homa ya matumbo, na sabuni haitasema kitu. Katika Bonde la Ufa viko visima virefu ambavyo maji yake ni laini, lakini yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika hilo. Watoto wayanywayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi floridi. Kwa hayo hapana budi maji yapelekwe maabara.

Mkulima naye ana faida katika chupa hizi. Dawa ya magugu iitwayo glyphosate hushikwa na kalsiamu ikapungua nguvu, na wengi huongeza dawa bure badala ya kubadili maji.

Na kwa wenye visima karibu na bahari, kipimo kimoja hakitoshi. Maji ya bahari ni magumu kupita kiasi, na kisima kikivutwa mno wakati wa kiangazi, maji ya chumvi husogea chini ya ardhi kukifuata. Atakayepima kila mwezi ataona matone yakipanda, pengine kabla ulimi haujaonja chumvi.

Mke wa karani huandika hesabu yake kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango wa jiko. Mwezi wa Machi ilifika 38, naye akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba kumwomba pampu ifungwe saa za mchana. Mvua za masika zilipoanza, mumewe alinunua bati la kukingia maji na pipa lenye kifuniko. Nguo nyeupe sasa hufuliwa kwa maji ya pipa, na ya kisima yanaosha sakafu na kunywesha mbuzi wa bibi kizee.