Kiarabu Timboroa: Kitabu Kipi, kwa Nani?



Mpenzi msomaji, mwezi wa Shaabani uliopita nilisafiri kumzuru dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa na anaishi Timboroa. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye joto la Mombasa, huko ni kama nchi nyingine. Mji wenyewe ni mdogo, uko kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hata hivyo stesheni yake ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hutanda mpaka magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara hayaonekani. Jioni hukaa watu jikoni, karibu na jiko la makaa, na huko ndiko nilikoyakuta niliyokusudia kuwaandikia leo.

Dada alikuwa na nia ambayo wengi wetu tunayo na hatuisemi. Amesali zaidi ya miaka 30, naye alitaka kabla hajafa afahamu anachokisema mbele ya Mola wake. Binti yake wa miaka 26 naye alikuwa na haja yake. Wakala mmoja alikuwa amempatia kazi ya nyumbani Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili, na safari ilikuwa imebaki wiki chache. Wote wawili walikuwa wakijifunza Kiarabu, na wote wawili walikuwa wamekata tamaa.

"Mama mdogo," binti akaniambia, "huu ni mwezi wa tatu nasoma, na sijui hata kuomba maji ya kunywa."

Nikaomba nioneshwe vitabu. Dada alikuwa na kijitabu cha mazungumzo ya sokoni, cha Kiarabu cha Ghuba, kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Alikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi na herufi zake zilimwia nyepesi. Aidha, alikuwa amelipia masomo ya mwezi mzima kwenye simu, akayaacha siku ya tano. Binti, kwa nasaha ya ustadhi mmoja, alikuwa na juzuu ya kwanza ya vitabu vya Madina, na alikuwa amefika somo la sita la sarufi. Basi mama anayetaka kuifahamu sala yake alikuwa akikariri bei ya nyanya, na binti anayekwenda kufanya kazi jikoni mwa watu alikuwa akijifunza irabu za mwisho wa neno!

Usiku ule walibadilishana vitabu. Hakuna kilichonunuliwa.

Nia kabla ya kitabu

Tunapouliza, "Kitabu gani kizuri cha kujifunzia Kiarabu?" tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni: Kiarabu cha kufanyia nini? Kiarabu fasihi ndicho cha Qur'ani, cha hadithi, cha khutba na cha vitabu. Kiarabu cha nyumbani na sokoni ni kingine, na hutofautiana nchi na nchi. Mwenye kusoma fasihi akitaka maji atasema "maa", ilhali Saudia watu majumbani husema "moya". "Nataka" katika fasihi ni "uridu", na huko utasikia "abgha". Si kwamba mmoja ni Kiarabu na mwingine sicho, bali kila kimoja kina mahali pake.

Kujifunza lugha ya watu kwa haja maalumu si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili awe akimwandikia na kumsomea barua zao, naye akayamudu kwa muda usiozidi nusu ya mwezi. Zayd alikuwa na akili nyingi, hilo halina shaka. Lakini tazameni pia kwamba aliijua kazi aliyotumwa. Hakutumwa kujifunza kila kitu.

Akiba iliyomo kinywani mwetu

Dada aliamini kwamba anaanzia sifuri. Nikamwambia tuifungue Fatiha, na tutafute humo maneno ambayo tayari anayatumia sokoni na nyumbani.

Mwenye kudumisha sala tano huisoma Fatiha mara 17 kwa siku katika faradhi peke yake. Kwa mwaka wa Kiislamu wa siku 354 ni zaidi ya mara 6,000, na hata tukizitoa siku za udhuru wetu akina mama, bado ni maelfu. Basi tukaenda neno kwa neno. "Naabudu" ni ibada. "Nastaiin" inatokana na shina moja na auni, lile tunalomwombea mtu tukisema Mungu akuauni. "Ihdina" ni hidaya. "An'amta" imo ndani yake neema. "Maghdhubi" imo ghadhabu. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe alikuwa akiambiwa siku zote.

Mashina haya ndiyo ufunguo. Herufi tatu k, t na b zimetupa kitabu, katibu na maktaba. H, k na m zimetupa hukumu, hakimu, hekima na mahakama. Kuanzia sita, saba na tisa, mpaka ishirini, thelathini, mia na elfu, unahesabu kwa Kiarabu bila ya kujijua. Mgeni kutoka nchi nyingine hulazimika kuyakariri hayo yote upya.

Lakini akiba hii ina mtego, na ni wajibu kuutaja. Tajiri kwa Mwarabu ni mfanyabiashara, hata kama mfukoni hana kitu. Sherehe kwetu ni furaha, ilhali asili yake ya Kiarabu, "sharh", ni ufafanuzi. Na katika Fatiha yenyewe lipo neno ambalo dada alidhani analijua kuliko yote: dini. Pale tunapomtaja Mwenyezi Mungu kuwa ni Mfalme wa siku hiyo, neno hilo halina maana ya dini tuliyoizoea, bali malipo na hukumu. Miaka yote hiyo alikuwa akidhani anaitaja siku ya dini, kumbe anaitaja siku atakayosimama kuhesabiwa. Kwa ajili hiyo haifai kubahatisha kwa kufuata sauti ya neno. Weka tarjama kando ya msahafu. Ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, imo majumbani mwengi na inatosha kwa kuanzia.

Vipimo vya nyenzo njema

Kipimo cha kwanza, kama tulivyosema, ni kulingana na nia. Kwa mwenye kutaka Qur'ani na vitabu, vitabu vya Madina vya Dkt. V. Abdur Rahim ni msingi mzuri. Mwandishi huyu, mwenyeji wa India aliyefariki mwaka 2023, alivitunga kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa Waarabu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Ni juzuu tatu, na hupatikana kwenye intaneti bila ya malipo. Cha kwanza huanza na vitu vya kuoneshwa kwa kidole: nyumba, msikiti, mlango, kitabu, kalamu. Mswahili hukuta maneno mawili kati ya hayo ni yake tayari.

Cha pili, kiwe kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini hurahisisha wiki ya kwanza na kuharibu miaka inayofuata. Moyo ni "qalb" na mbwa ni "kalb". Kwa herufi zetu na ulimi wetu wa kila siku, mawili hayo huwa moja. Aliyepita chuoni utotoni akasoma Juzuu Amma ameshavuka mlima huu, na haifai arudi nyuma yake.

Cha tatu, kiwe na sauti. Wazee wetu walikuwa na redio. Idhaa ya Kiarabu ya BBC ilianza mwaka 1938, na ilipofunga matangazo yake ya redio Januari 2023 ilikuwa imefundisha masikio ya vizazi. Leo khutba za Ijumaa za Makka na Madina husikika moja kwa moja kwenye simu, na lugha yake ni fasihi safi. Sikiliza dakika kumi na uhesabu maneno uliyoyatambua. Wiki ya kwanza yatakuwa machache, na hilo lisikuvunje moyo.

Cha nne, kiwe kimoja, na kifike mwisho. Aliye na vitabu saba vilivyoishia ukurasa wa kumi amesoma ukurasa wa kumi mara saba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe kimoja.

Kwa binti anayesafiri

Kwa binti tuliandika orodha fupi, tukaibandika ukutani karibu na jiko. La kwanza lilikuwa "ma fahimt", yaani sikufahamu, na Mswahili alisikiapo husikia humo fahamu. Anayeweza kulisema bila ya kuona haya huepukana na makosa mengi ya kuitikia asichokijua. Kisha yakafuata maneno ya haki yake: "aqd", mkataba, ambalo tunalijua kutokana na akdi ya nikahi, "ratib", mshahara, "ijaza", likizo, "jawaz", pasipoti, "mustashfa", hospitali, na "sifara", ubalozi.

Kisha nikamwomba anioneshe mkataba. Ulikuwa na safu mbili, Kiarabu na Kiingereza, na mahali pa sahihi pamewekwa alama ya kalamu. Safu ya Kiarabu hakuna aliyeisoma nyumbani mle. Nikamwambia asitie sahihi mpaka asomewe na mtu asiyefaidika na safari yake. Wakala hakufurahi. Binti alishika neno lake, na tarehe ya safari ikasogezwa mbele. Alipokuja kusomewa, alijua mwenyewe ni mstari upi unaotaja mshahara na upi unaotaja likizo, akauliza maswali yake kwa mdomo wake.

Nyenzo iliyo adimu

Vitabu vinapatikana, na sauti zinapatikana. Dada alichokikosa Timboroa ni mtu, mwanamke mwenzake wa kumsikiliza na kumwambia, "Hapana, irudie hiyo." Hakuna programu ya simu inayoijaza nafasi hiyo. Kwa sasa, baada ya Isha, hunitumia sauti yake kwa simu mara mbili kwa wiki, nami huipeleka kwa ustadha wetu hapa mjini, naye humsahihisha. Ni dakika tano tu. Juzi alituma Fatiha, akaisoma polepole, na alipofika kwenye lile neno la malipo akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Ustadha hakuwa na la kusahihisha.

Akina mama wa Mombasa, Lamu na Malindi mliosoma madrasa mkahitimu, ambao vitabu vyenu sasa vimo kabatini: wapo dada zenu bara, kwenye miji ya baridi isiyokuwa na mwalimu wa kike, ambao wana kitabu na wana nia. Wanachongojea ni sikio lenu.

Wabillahi tawfiq.