Ramli na mstari unaogeuka

Uislamu na Kiswahili viliingia Maniema, mashariki mwa Kongo, pamoja, kwa misafara ya pembe iliyotoka pwani, ikapita Ujiji na Kabambare hadi Kasongo, mji uliokuwa chini ya Sefu, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, jeshi la Mbelgiji Dhanis lilipouteka mwaka 1893. Ramli, utabiri wa nukta za mchangani, ni elimu ya watu hao hao wa misafara ya pwani. Mashehe wengi huiharamisha, na mimi sitetei utabiri wake. Nilichokipenda ni hesabu.

Mpiga ramli hutia nukta mchangani harakaharaka, bila kuhesabu, kisha huzifuta mbilimbili. Ikibaki moja, safu ni witiri; zikibaki mbili, ni shufwa. Safu nne hufanya umbo, na maumbo yote ni 16. Manne ya kwanza huitwa mama. Safu zao zikisomwa kwa upande, huzaliwa mabinti wanne. Baada ya hapo maumbo hujumlishwa mawilimawili mpaka libaki moja, hakimu.

Chukua umbo la 1, 2, 2, 1 na jirani yake 1, 1, 2, 2. Moja na moja ni shufwa, andika 2; mbili na moja ni witiri, andika 1. Ukimaliza unapata 2, 1, 2, 1. Penye nukta moja kwa jirani, safu imegeuka. Penye mbili, imebaki vilevile. Kwa hiyo Tariki, lenye nukta moja kila safu, hugeuza kila kitu, na Jamaa, lenye mbilimbili, haligeuzi chochote.

Wachina nao wana mstari unaogeuka: katika Yijing, kitabu chao cha kale cha utabiri, kuna maumbo 64 ya mistari sita, kila mmoja mzima au uliokatika. Kwa kila mstari hurushwa sarafu tatu, upande mmoja 3, mwingine 2. Jumla ikiwa 7 au 8, mstari hutulia. Ikiwa 6 au 9, hugeuka, na umbo la pili linalozaliwa huonyesha mambo yanakoelekea. Ikigeuka mistari mingi, usomaji huwa mgumu. Zhu Xi, mwanazuoni wa karne ya 12, aliweka kanuni: ukigeuka mmoja, soma maneno yake; miwili, soma maneno ya yote miwili, wa juu ukipewa uzito; mitatu, soma maelezo ya maumbo yote mawili. Huko sarafu yenyewe huamua mstari upi ugeuke. Katika ramli huamua umbo jirani.

Ramli ina ukaguzi wake pia. Mama na mabinti ni nukta zilezile zilizosomwa mara mbili, hivyo jumla ya nukta za hakimu haiwezi kuwa witiri: ni maumbo 8 tu yanayoweza kukalia kiti hicho. Likitokea jingine, mpiga ramli amekosea mahali, na inambidi arudie hesabu.